Sura ya Sita: Zipo, Lakini Hazisikilizwi

Ute wa goti lenye afya haujazi kijiko cha chai. Ni mwangavu, una umanjano wa mbali, na daktari akiusukuma nje ya bomba la sindano huvutika sentimita kadhaa kabla ya kukatika. Goti lenye baridi yabisi hutoa kitu kingine kabisa. Sindano hujaa maji yenye ukungu, mililita 20, pengine 40, na maji hayo hudondoka tone kwa tone bila kuvutika, kwa sababu asidi ya hailuroniki iliyoupa ute utelezi wake imekatwakatwa na uvimbe. Weka tone chini ya hadubini, nawe utaona seli nyeupe kwa maelfu katika kila milimita moja ya ujazo. Kwa baridi yabisi nakusudia ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwenyewe, vidole vikakakamaa asubuhi hata mtu ashindwe kukamua tui, wala si maumivu ya magoti yanayokuja na uzee.

Mtu angetarajia kwamba katika ute huo seli zenye kazi ya kutuliza kinga zimetoweka. Zipo, na kwa wingi. Watafiti wa Ulaya walipoanza kuzihesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliona kwamba sehemu yake ndani ya kiungo kilichovimba ni kubwa kuliko ndani ya damu ya mgonjwa yuleyule. Katika damu, seli T dhibiti, kama tutakavyoziita, ni kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya seli T za kundi la CD4. Kwenye goti bovu huzidi hapo. Na bado goti linavimba, gegedu linalika, mfupa unatobolewa.

Ili kuelewa jambo hilo inabidi kwanza tukubali kwamba kila mmoja wetu amebeba seli zenye uwezo wa kumdhuru. Seli T huzaliwa kwenye uboho, kisha husafiri hadi tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, ambako hupimwa. Ile inayong'ang'ania kwa nguvu protini za mwili wenyewe huuawa papo hapo. Kwa muda mrefu wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba mchujo huo unatosha. Hautoshi. Kinga ambayo ingeondoa kila seli yenye mwelekeo wowote wa kumgusa mwenyewe ingebaki na mapengo ambayo virusi na bakteria wangeyapitia bila kizuizi. Kwa hiyo mchujo huachia nyingi zipite, na mtu mwenye afya njema ana katika damu yake seli T zinazoitambua tezi yake ya thairoidi, kongosho lake, gegedu lake. Haugui kwa sababu seli nyingine zinazizuia, usiku na mchana.

Dalili ya kwanza ilionekana Japani. Mwaka 1969 Yasuaki Nishizuka na Teruyo Sakakura, waliofanya kazi katika kituo cha saratani cha Aichi mjini Nagoya, waliwatoa thaimasi panya wa siku tatu. Ovari za panya hao zikaharibika. Wawili hao walidhani thaimasi inatoa homoni inayoilea ovari. Baadaye ilibainika kwamba ovari zilikuwa zimeshambuliwa na kinga ya panya wenyewe, jambo lililoleta swali gumu: ukitoa kiwanda cha seli T, unapataje shambulio zaidi badala ya pungufu?

Marekani nako, katika Chuo Kikuu cha Yale, Richard Gershon alitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba baadhi ya seli T huzuia kinga badala ya kuichochea. Wazo lilikuwa sahihi. Kilichofuata kililizika. Kwa muongo mzima maabara nyingi zilitoa makala juu ya makala kuhusu seli hizo za kuzuia, zikichora minyororo mirefu ya seli inayoamrisha seli nyingine, na zikaweka uzito mkubwa juu ya kitu kilichoitwa I-J, alama iliyosemekana kuzitambulisha. Mwaka 1983 watafiti walipoisoma DNA ya eneo ambalo jeni ya I-J ilidaiwa kuwapo, hawakuikuta. Taaluma nzima ilianguka. Kwa miaka mingi mtafiti kijana aliyetaja seli za kuzuia alijihatarishia ajira na ruzuku, na naamini wagonjwa walilipia ukimya huo kwa miaka ambayo swali zuri lilikosa wa kuliuliza.

Shimon Sakaguchi hakuliacha. Alikuwa ameingia maabara ya Aichi akiwa kijana, akavutiwa na panya wale wasio na thaimasi, na akaona kwamba ukiwapa seli T kutoka kwa panya mzima, ugonjwa hauji. Basi ndani ya seli hizo kulikuwa na kundi linalolinda. Alama yake ni ipi? Alitafuta kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha jibu: seli za CD4 zilizobeba pia CD25, sehemu ya kipokezi cha intalukini-2, kemikali inayokuza seli T. Walichukua seli T za panya, wakaondoa zenye CD25, wakawapa zilizobaki panya wasio na thaimasi. Panya hao walipata uvimbe wa thairoidi, wa tumbo, wa kongosho, wa tezi za mate, wa figo, na wa viungo vingi vya mifupa. Seli zenye CD25 ziliporudishwa mapema, ugonjwa haukutokea. Kwa anayejali magonjwa ya baridi yabisi, mstari ule mmoja kuhusu viungo vya mifupa ndio unaopasa kupigiwa mstari: kuondolewa kwa kundi dogo la seli kulitosha kumvimbisha viungo panya ambaye hajadungwa kitu kingine chochote.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka kwenye ukoo mwingine wa panya, uliozuka wenyewe mwaka 1949 katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee. Madume wake walizaliwa, ngozi ikawa na magamba, wengu na tezi zikavimba, na wakafa baada ya wiki chache. Majike hawakuugua, maana kasoro ilikuwa kwenye kromosomu X. Mary Brunkow na Fred Ramsdell, katika kampuni moja ya Bothell, jimbo la Washington, walianza kuitafuta jeni hiyo wakati ambapo kusoma DNA kulikuwa kazi ya polepole mno. Walipunguza eneo hadi zikabaki jeni 20, wakazikagua moja baada ya nyingine, na kasoro ikaonekana kwenye ya ishirini. Jeni hiyo leo inaitwa FOXP3. Mwaka huohuo wa 2001 ilithibitika kwamba watoto wa kiume wenye kasoro kwenye jeni hiyohiyo huzaliwa na ugonjwa mkali: kuhara kusikokoma, kisukari tangu uchangani, ukurutu mwili mzima. Miaka miwili baadaye Sakaguchi na maabara nyingine zilionyesha kwamba FOXP3 ndiyo inayoifanya seli T iwe dhibiti. Oktoba 2025 Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Seli hizi hutuliza kwa njia kadhaa, na mbili zinatuhusu zaidi. Seli T shambulizi haiamki kwa kuiona tu protini inayoitambua. Inahitaji idhini ya pili, inayotolewa na protini za CD80 na CD86 zilizo juu ya seli inayoiwasilishia protini hiyo. Seli dhibiti ina protini iitwayo CTLA-4 inayozikamata CD80 na CD86 kwa nguvu zaidi, ikazing'oa na kuzimeza. Idhini inakosekana, seli shambulizi inabaki usingizini. Njia ya pili ni njaa. Seli dhibiti imejaa CD25, kwa hiyo huifyonza intalukini-2 iliyo jirani, na seli shambulizi zinazoihitaji ili ziongezeke zinaikosa. Hapa pana udhaifu mkubwa: seli dhibiti haitengenezi intalukini-2 yake yenyewe. Inaishi kwa ile inayotolewa na seli inazozituliza.

Sasa turudi kwenye goti. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa London likiongozwa na Michael Ehrenstein lilichukua seli dhibiti kutoka kwenye damu ya watu wenye baridi yabisi na kuzipima maabarani. Ziliweza kuzuia seli shambulizi zisigawanyike, ila hazikuweza kuzizuia zisitoe TNF, kemikali inayowasha uvimbe wa viungo. Wagonjwa walipopewa infliximabu, dawa inayoinasa TNF, uwezo wa seli zao ulirudi.

Jaribio ninaloliona kuwa la maana kuliko yote lilifanyika Utrecht, Uholanzi, likachapishwa mwaka 2011. Lilihusu watoto wenye ugonjwa wa viungo wa utotoni. Watafiti walitenganisha makundi mawili ya seli kutoka kwenye ute wa magoti ya watoto hao, dhibiti na shambulizi, kisha wakayachanganya kwa kubadilishana na seli za damu. Seli dhibiti za gotini zilipowekwa pamoja na seli shambulizi za kawaida, zilizituliza vizuri. Zilikuwa nzima. Seli shambulizi za gotini zilipowekwa pamoja na seli dhibiti zozote, hata za mtu mwenye afya, hazikutulia. Ndani yake, kimeng'enya kiitwacho PKB kilikuwa kimewashwa kupita kiasi na kuzifanya zisipokee katazo lolote. Seli dhibiti ya gotini ni mfano wa mzee anayesuluhisha ugomvi katikati ya ngoma inayopigwa: maneno yake ni yaleyale yaliyowatuliza watu jana, ila leo hayamfikii mtu.

Jambo hili hubadilisha namna ya kufikiri kuhusu tiba. Kama seli dhibiti zingekuwa zimepungua, tungeziongeza. Ikiwa zipo na hazisikilizwi, kuziongeza peke yake kunaweza kusisaidie. Na kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Tokyo walionyesha, kwa panya, kwamba ndani ya kiungo kilichovimba baadhi ya seli zenye FOXP3 huipoteza. Intalukini-6 inayotolewa na seli za utando wa kiungo huzigeuza kuwa seli za Th17, ambazo huchochea seli zinazokula mfupa. Iliyotumwa kutuliza inaishia kuwa miongoni mwa zinazobomoa.

Lupasi ina hadithi tofauti. Ni ugonjwa unaowapata wanawake mara tisa kati ya kumi, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa, na huweza kugusa ngozi, viungo, figo, damu na ubongo. Vitabu vingi huonyesha wekundu uliotanda mashavuni na juu ya pua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi huonekana kama weusi au zambarau, na dada zetu huzungushwa kutoka kliniki hadi kliniki wakipewa dawa za fangasi kabla mtu hajafikiria kupima mkojo. Kasoro moja iliyojulikana tangu miaka ya 1980 ni kwamba seli T za mwenye lupasi hutoa intalukini-2 kidogo. Kwa miaka mingi hilo lilionekana kama ajabu isiyo na maelezo: ugonjwa wa kinga kali, na kemikali inayokuza seli T ni haba? Ilipojulikana kwamba seli dhibiti huishi kwa intalukini-2 ya wengine, maelezo yakapatikana. Kwenye lupasi seli dhibiti zinashinda njaa.

Wasomaji wa Afrika wana nafasi yao katika habari hii, tena ya mapema. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa Ibadan, Nijeria, aliandika katika jarida la Lancet kwamba baridi yabisi na lupasi vilikuwa adimu mno miongoni mwa waliolazwa hospitalini hapo, akahusisha uadimu huo na malaria na minyoo. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake waliwaambukiza malaria ya panya wale panya ambao huzaliwa wakielekea kuugua lupasi, na ugonjwa ulizuilika. Bila shaka baadhi ya uadimu ulitokana na wagonjwa kutotambuliwa. Kliniki za Nairobi na Dar es Salaam leo zinawaona. Hata hivyo wazo lake limeishi. Mnyoo mmoja wa utumbo wa panya hutoa protini inayoiga TGF-beta, mojawapo ya ishara zinazoifanya seli T ya kawaida iwashe FOXP3. Mnyoo huzalisha seli dhibiti ili aachwe aishi kwa amani. Na Entebbe, Uganda, jaribio lililowapa wajawazito dawa ya minyoo ya albendazoli lilionyesha kwamba watoto wao walipata ukurutu zaidi kuliko wa wenzao waliopewa dawa bandia. Ukurutu si lupasi, na hakuna mzazi anayepaswa kumwacha mtoto na minyoo kwa ajili ya nadharia. Minyoo hula damu ya watoto na kuwadumaza. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwa mnyoo ni protini yake, isafishwe, ipimwe, iwe dawa.

Jaribio la kwanza kubwa la kuziamsha seli dhibiti kwa makusudi liliishia kwa maafa. Kampuni ya TeGenero ya Würzburg, Ujerumani, ilikuwa na kingamwili iitwayo TGN1412, inayoshika protini ya CD28 na kuiwasha seli T bila kuhitaji idhini nyingine. Kwenye panya iliongeza seli dhibiti na kutuliza uvimbe wa viungo. Mpango ulikuwa kutibu baridi yabisi na aina moja ya saratani ya damu. Asubuhi ya tarehe 13 Machi 2006, katika kitengo cha utafiti ndani ya hospitali ya Northwick Park, London, vijana wanane wenye afya walilala vitandani. Wawili walipewa maji tu bila kujua. Sita walidungwa dawa, mmoja baada ya mwingine, kwa kupishana kama dakika kumi, dozi ikiwa moja ya mia tano ya ile iliyokuwa salama kwa nyani. Saa moja na nusu haikuisha kabla ya kuanza maumivu ya kichwa na mgongo, kichefuchefu na homa. Usiku ule wote sita walikuwa mahututi, figo na mapafu yakishindwa. Wote waliokolewa, ila mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Sababu ilieleweka baadaye. Binadamu mzima ana seli T nyingi zenye kumbukumbu ya maradhi aliyopitia, na seli hizo zimebeba CD28. Panya wa maabara, anayefugwa katika usafi wa kupindukia, hana nyingi, na za nyani waliotumika hupoteza CD28 zinapokomaa. Dawa iliziwasha zote kwa pamoja. Wangengoja hata saa mbili baada ya mtu wa kwanza, watano wangerudi nyumbani salama. Nalisema hilo kwa uchungu, kwa sababu tahadhari hiyo haikuhitaji sayansi yoyote mpya. Cha kushangaza, kingamwili ileile ilipopimwa tena miaka iliyofuata kwa dozi ndogo sana, iliziamsha seli dhibiti bila kuziamsha zile nyingine.

Dozi ndogo ndiyo iliyofungua njia kwa intalukini-2 pia. Kwa dozi kubwa, tangu miaka ya 1990, imetumika kuchochea kinga dhidi ya saratani ya figo na ya ngozi. Kwa dozi ndogo hutokea kinyume, kwa kuwa seli dhibiti zenye CD25 nyingi huinasa kabla ya wengine. Madaktari wa Paris na Boston walilionyesha hilo kwa wagonjwa mwaka 2011. Nchini China, He Jing, Li Zhanguo na wenzao waliwapima watu 60 wenye lupasi, nusu wakipewa intalukini-2 na nusu dawa bandia, juu ya matibabu yao ya kawaida. Katika wiki ya 12, muda uliokuwa umewekwa kuwa kipimo kikuu, tofauti ilikaribia kiwango kinachokubalika bila kukifikia. Katika wiki ya 24 waliopata nafuu walikuwa kama asilimia 65 dhidi ya 37. Ni matokeo ya kutia moyo, na bado ni watu 60. Aina za intalukini-2 zilizorekebishwa na kampuni kubwa ili zidumu zaidi mwilini hazikufanya vizuri kwenye lupasi, na baadhi ya majaribio yalisitishwa. Mgonjwa akisikia habari hizi asikimbilie kuacha haidroksiklorokwini yake, dawa ya kawaida ya lupasi.

Njia nyingine ni kutuliza kelele kwanza. Abatasepti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa baridi yabisi, ni CTLA-4 iliyounganishwa na kipande cha kingamwili: inafunika CD80 na CD86 kama ambavyo seli dhibiti ingefanya. Dawa zinazoziba kipokezi cha intalukini-6 huondoa ishara inayozigeuza seli dhibiti kuwa za Th17. Kundi lilelile la Utrecht lilionyesha kwamba kuzuia TNF hupunguza ule ukaidi wa PKB ndani ya seli shambulizi. Tukisoma matokeo hayo pamoja, baadhi ya dawa ambazo wataalamu wa viungo wamezitumia kwa miaka zinaonekana kuwa zimekuwa zikizirudishia seli dhibiti usikivu bila mtu kulikusudia hilo.

Na sasa kuna wanaozitengeneza seli zenyewe. Mwaka 2019 madaktari wa San Francisco walieleza kisa cha mgonjwa mmoja mwenye lupasi ya ngozi: walichukua seli dhibiti kutoka kwenye damu yake, wakazikuza maabarani, wakamrudishia. Seli hizo hazikukaa sana kwenye damu, ila kwenye ngozi iliyoathirika dalili za seli dhibiti ziliongezeka. Kampuni ya Sonoma, ambayo Ramsdell ni mmoja wa waanzilishi wake, imeanza kuwapima watu wenye baridi yabisi kwa seli dhibiti zilizorekebishwa na kuwekewa kipokezi kinachozielekeza kwenye protini zilizobadilishwa kemikali, zinazopatikana kwa wingi kwenye kiungo kilichovimba. Tiba ya namna hii humtaka kila mgonjwa atengenezewe seli zake peke yake, kwa gharama ambayo hospitali zetu za mikoa haziwezi hata kuifikiria kwa sasa. Kufika kiungoni hakutakuwa tatizo kwa seli hizo, kwa sababu hata zile za asili hufika. Majaribio yatapaswa kuonyesha kama seli iliyotengenezwa itaendelea kuwa na FOXP3 yake baada ya wiki kadhaa ndani ya intalukini-6, na kama seli shambulizi yenye PKB iliyowashwa itaitii.